Madrasa Iliyohamia Kwenye Kunde

Juzi dada yangu wa Chinongwe alinipigia simu asubuhi, sijanywa hata chai, naye amejaa hasira hadi pomoni. Si dada wa tumbo moja. Ni mtoto wa mama mkubwa, na ndiye anayelima shamba aliloliacha bibi yetu. "Pongo ameingia kwenye kunde," akaniambia. "Ametafuna mistari yote ya upande wa bondeni, na mavi ametuachia." Mimi nikasema alhamdulillahi. Nilisema kwa sauti, tena kwa furaha, nikamuuliza kama ana hakika ni pongo na si mbuzi wa mtu. Dada akataka kujua kama huku Nachingwea siku hizi tunaamkia gongo, kisha akakata simu.

Usinihukumu na wewe, rafiki yangu, mpaka nimalize. Kwa miaka mingi niliamini kwamba pongo wa bondeni kwa bibi wamekwisha. Kila nilipokwenda kuzuru nilitega sikio jioni, nikasikia pikipiki tu. Sikumwambia mtu, maana mtu mzima anayemsikitikia mnyama mharibifu mbele ya wakulima hujitafutia maneno. Lakini jambo lile lilinikaa rohoni, na simu ya dada ilinitua mzigo. Siku hiyo nzima nilifanya kazi zangu nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Nilipelekwa kwa bibi kabla sijaanza shule. Mama alikuwa na kazi mjini Nachingwea, na bibi alikuwa peke yake Chinongwe, basi wakaamua kwamba bibi ananihitaji nami namhitaji, mimi sikuulizwa. Nyumba ilikuwa ya udongo, ina mikorosho nyuma yake, na mbele yake shamba likishuka taratibu mpaka kwenye korongo. Ng'ambo ya shamba, kando ya korongo, kulikuwa na kichaka kizito cha matete na miti iliyoshikana, ambacho sisi watoto tulikatazwa kuingia. Ukitoka mlangoni asubuhi unanusa moshi wa kuni, umande na ile harufu ya majani ya kunde yaliyokanyagwa, harufu ambayo hata leo nikiipata sokoni husimama bila kujua nimesimama.

Kunde ndizo zilizotulea. Majani yake machanga bibi aliyapika kwa karanga alizozitwanga mwenyewe, tukala na ugali wa muhogo. Maganda mabichi tulichemsha na chumvi, tukakaa uani tukiyamenya kwa meno. Kunde kavu zilipikwa polepole mchana kutwa, na siku bibi alipopata nazi iliyotoka Lindi tulikula mpaka tukashindwa kuinama. Kiangazi tulichimba ming'oko, ile mizizi ya porini, lakini ming'oko ilikuwa ya kutafuna na kupiga soga. Kunde ndizo zilizojaza kihenge, na kihenge ndicho kilichomfanya bibi atembee kichwa juu.

Sasa tatizo ni kwamba pongo naye alizipenda, na alizipenda zikiwa changa. Kama hujawahi kumwona, ni mnyama wa kimo cha mbuzi mkubwa. Dume ni mweusimweusi, ana pembe zilizosokotwa. Jike ni mwekundu, ana madoa meupe ubavuni kama aliyerushiwa unga. Hapendi makundi. Hujificha kichakani wakati wa jua kali, na jua likipoa hutoka mmoja huku, mmoja kule, kimya, miguu myembamba ikichagua pa kukanyaga. Akistuka hubweka. Kweli hubweka, kama mbwa mwenye mafua, na mara ya kwanza kumsikia nilimwambia bibi kuna mbwa wa mtu amepotea. Bibi alicheka, lakini si kicheko cha raha.

Zamani, wazee walisema, pongo wa bondeni walikuwa wachache. Akila mmoja, unapiga debe, anaondoka, mnagawana riziki. Waliongezeka kwa kosa letu wenyewe. Kijiji kilikuwa na chui wake, aliyelala kichakani humohumo na mara mojamoja kuchukua mbwa au mbuzi. Watu wakachoka, wakamtega, wakampata. Kulikuwa na ngoma siku hiyo, na bibi, ambaye chui alimlia mbuzi wawili, alipiga vigelegele kuliko wote. Masika machache yakapita. Pongo wakaanza kutoka kichakani kama watu watokao msikitini siku ya Ijumaa. Aliyesema wazi kwamba chui na kunde ni habari moja alikuwa mwalimu wa madrasa peke yake, na yeye hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu alikuwa mtani.

Mwalimu alikuwa Mmakua, wazee wake walivuka Ruvuma zamani, na ukoo wake na wetu wa Kimwera walikuwa watani tangu huko kusikojulikana. Unajua utani ulivyo. Aliingia jikoni kwa bibi bila hodi, akafunua chungu, akaonja, akalalamika kwamba chumvi haitoshi, akaondoka na kipande cha muhogo. Bibi naye aliwahi kumvua kofia yake mbele ya watu akaenda nayo kununulia mayai. Hakuna wa kukasirika. Ukikasirika kwa utani umeshindwa, na watu watakucheka mpaka uhame. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na miguu isiyopenda haraka, anasinzia wakati watoto wanasoma, anaamka pale tu mtu anapokosea.

Tena yeye ndiye aliyekuwa mchinjaji wa kijiji. Hili lishike vizuri, maana ndilo lililoamua mambo. Kijijini kwetu karibu wote tulikuwa Waislamu, na mnyama akifa kabla ya kuchinjwa ni kibudu, hata awe amenona vipi. Kwa hiyo watu walipotega nyavu, mwalimu alilazimika kuwapo. Wawindaji wakimdaka mnyama walimshika miguu, wakaita, "Mwalimu! Mwalimu eee!" naye anakuja kwa mwendo wake uleule, anatweta, kisu kimefungwa kwenye kitambaa. Vijana walikuwa wakilia kwa hasira wakimsubiri. Ukitazama vizuri, wanyama waliouawa kila mwaka walikuwa wengi au wachache kwa kadiri ya pumzi ya mwalimu.

Basi ukafika ule mwaka. Bibi alipanda kunde mvua za kwanza zilipoanguka, zikachipua vizuri, na asubuhi moja tukakuta vijiti. Akapanda tena. Tukakesha kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu katikati ya shamba, tukapiga debe mpaka mikono ikafa ganzi, na bado walikuja kutokea upande ambao hatukuutazama. Zikaliwa tena. Tulianza kula ugali kwa chumvi. Bibi aliniambia chumvi inakuza nywele.

Habari zikamfikia mjomba Nachingwea, naye akaja. Yeye ndiye mtoto wa kiume wa bibi, na kwetu mjomba akisema ameshasema. Alizunguka shamba, akarudi, akakaa kwenye kinu kilicholazwa. "Mama, mbegu ninazo kwenye gari, panda mara ya tatu," akasema. "Lakini zikiliwa na hizi, nakuja tufunge vyombo. Utakaa kwangu mjini. Siwezi kusikia kila siku kwamba mama yangu anashindwa na wanyama."

Neno hilo lilimfika bibi. Aliwahi kukaa mjini mara moja tu, alipokwenda kutibiwa macho. Walimweka barazani kwenye kiti cha plastiki, wakamkataza kufanya kazi yoyote kwa kumheshimu. Aliporudi alikuwa akisema, "Mjini hata moto unauzwa," na alisema kama mtu anayesimulia msiba. Usiku ule alifikiri nimelala, nikamsikia akijiuliza nani atafagia kaburi la babu. Mimi nilijifunika shuka mpaka kichwani. Nilijua akihamishwa yeye, nami nimehamishwa, na shamba litarudi kuwa pori la pongo moja kwa moja.

Si sisi peke yetu tulioumia. Mashamba yote ya upande wa korongo yalikuwa yameliwa. Wanakijiji wakapeleka malalamiko Ruangwa, na bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, akaja na pikipiki yake, akaona hali, akaruhusu msako. Alisisitiza kwamba kibali ni cha kupunguza. Watu wakaitikia ndiyo bwana, kisha wakaenda wakanoa mikuki ya kumaliza. Msako kwa kawaida ulikuwa wa kiangazi, nyasi zikishakauka. Ule ulifanyika katikati ya mvua, nchi nzima kijani kibichi na matope yakivuta miguu.

Kaka yake bibi, ambaye ndiye aliyekuwa na nyavu, alizitandaza upande wa juu wa korongo. Sisi wanawake na watoto tulipangwa upande wa mashamba na madebe, mabati na sufuria zilizotoboka, ili tuwasukume wanyama kuelekea kwenye nyavu. Sijapata kusikia kelele kama zile mpaka leo. Bibi alikuwa mbele, khanga ameifunga kiunoni, anapiga debe kama lina deni naye. Kichaka kikaanza kutikisika. Tukasikia kubweka huku, kubweka kule, kisha kutoka mbali sauti za wanaume, "Mwalimu! Mwalimu eee!"

Ikaitwa mara nyingi. Kila alipoitwa kichaka kilizidi kunyamaza, na bibi alizidi kupiga. Tulipofika kwenye nyavu niliwaona pongo waliokwisha kuchinjwa wamelazwa kwenye majani, na mwalimu amesimama katikati yao, kanzu ameikunja kiunoni, jasho linamtiririka. Nyuma yake kulikuwa kumebaki kipande kimoja cha kichaka ambacho hakijasukumwa, yale matete mazito kabisa. Kila mtu alijua waliobaki wote wamekimbilia humo, majike na wadogo wao. Kaka yake bibi akaamuru nyavu zihamishwe. Mwalimu akafuta kisu kwa majani, akakifunga kwenye kitambaa, akakaa chini. Alikaa juu ya wavu wenyewe.

"Mwalimu, inuka tuhamishe," akasema kaka yake bibi.

"Kisu kimeshiba," akasema mwalimu.

"Kisu kinashibaje? Inuka, bwana, jua linakwenda."

"Ninyi Wamwera mlimuua chui, baadaye mkaja kwangu kulia. Mkiwamaliza na hawa mtakuja kulia tena, kiangazi hakuna kitoweo. Machozi yenu nimeyachoka."

Watu wengine wakacheka, wengine wakatukana chinichini. Kijana mmoja akasema atachinja yeye. Wazee wakamtazama, akatazama miguu yake. Kumbeba mwalimu haikuwezekana. Kwanza uzito, pili mtani habebwi. Wavu mmoja ukakaliwa hivyo, na msako mzima ukasimama.

Ndipo bibi akapita katikati ya wanaume na debe lake mkononi. Sijui kama alikuwa anataka kulia au kupigana. "Weye Mmakua," akasema, "umewaacha walaji wa kunde zangu?"

"Nimekuachia mboga ya mjukuu wako, Mmwera mlafi."

"Wakila mara ya tatu mwanangu ananihamisha. Nakwenda kukaa kwenye kiti cha plastiki. Unajua?"

Mwalimu alikuwa hajui. Nilimwona uso ukibadilika. Bibi akaona amempata, na mtani ukimpata humwachii.

"Haya," akasema. "Umewaacha wewe, utawalinda wewe. Kesho asubuhi madrasa yako ihamie shambani kwangu, na haitoki mpaka kunde zikauke. Wote mmesikia?"

Wote walisikia, na wote wakashangilia, hata waliokuwa wametukana. Mwalimu angekataaje? Angekuwa amekasirika kwa utani. Akanyoosha mkono ili ainuliwe, wakamwinua watu wanne, nyama ikagawanywa, na kila nyumba ikala. Bibi alipewa paja. Alilipika akiwa bado anamtukana mwalimu kwa Kimwera, akampelekea bakuli.

Hivyo ndivyo madrasa ya kijiji chetu ilivyohamia kwenye kunde. Tuliketi kwenye majani chini ya dungu na mbao zetu za kuandikia, mwalimu juu ya dungu lililokuwa likilalamika chini ya uzito wake. Tulisoma asubuhi jua likichomoza na jioni likipoa, zile nyakati mbili hasa ambazo pongo hupenda kula. Watoto wa kijiji kizima wakipiga makelele ya alifu, bee, tee kwa pamoja, mnyama gani atasogea? Tuliwaona wakifika ukingoni mwa kichaka, wanasimama, masikio yametoka mbele, wanatusikiliza kwa adabu kuliko baadhi yetu. Mwalimu alikuwa akituambia, "Someni vizuri, wageni wanasikiliza." Kisha wanageuka mmoja mmoja kurudi kichakani, kwenda kula majani ya porini aliyowaandalia Mungu.

Mbegu za mjomba zikachipua, zikatambaa, zikatoa maua. Bibi alilalamika kwamba wanafunzi wanakula kuliko pongo, maana alijisikia vibaya kuwaacha na njaa na kila asubuhi alipika sufuria ya uji wa mtama. Lakini alikuwa akipika huku akiimba. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu mjomba aje.

Halafu, maganda yakiwa yamejaa na bado mabichi, wakati ambao pongo angeuza roho yake kuyapata, mwalimu akashikwa na homa. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya korongo, kwenye mwinuko kidogo. Tuliambiwa amelala, hawezi hata kukaa. Watoto wakasikia hakuna madrasa, wakatawanyika kama kuku walioona mwewe, na ungemkamata nani? Jioni ile tulibaki bibi na mimi kwenye shamba zima.

Jua likapoa. Wakatokea. Ukingo mzima wa kichaka, huku mmoja, kule mmoja, na kwa kuwa hakukuwa na kelele walisogea mpaka kwenye mistari ya kwanza. Bibi akapiga debe. Wakainua vichwa, wakatazama, wakainama tena. Debe walikwisha kulizoea. Bibi akanigeukia. Akaniambia, "Soma." Nikasoma. Lakini sauti ya mtoto mmoja kwenye shamba lile ilikuwa kama ya mbu, na nilikuwa naogopa, nikasahau herufi nikaanza kulia.

Basi bibi akasoma yeye. Bibi yangu hakuwahi kukaa madrasa. Zamani zao watoto wa kike walipelekwa shamba. Alichojua ni kile alichosikia akikoroga uji. Akashuka kutoka kwenye dungu, akawafuata pongo kwenye mistari ya kunde, anapiga debe na kupaza sauti kwa mahadhi yaleyale ya madrasa, "Alifu! Bee! Tee! Toka! Toka kwenye kunde zangu! Jimu! Alifu! Bee! Toka!" Akachanganya herufi na matusi ya Kimwera, akarudi mwanzo, akaruka katikati, akamalizia na majina ya baba zao. Alizunguka ukingo wote hivyo, mzee mzima, khanga inaburuta kwenye majani, mpaka sauti ikamkauka. Dume mmoja mkubwa alisimama hadi mwisho akimtazama. Kisha akabweka mara moja, akageuka, na wengine wakamfuata.

Tulikaa chini palepale matopeni. Bibi alikuwa akihema na kucheka kwa pamoja, na mimi nilimshika mkono nikakataa kuuachia. Akanionya nisimwambie mtu yeyote, hata mama, kwamba nimemsikia akisoma alifu bee kwa debe. Sikumwambia mtu. Siku zilizofuata alifanya vivyo hivyo, asubuhi na jioni, na mimi nikamwitikia, mpaka mwalimu alipoweza kusimama na watoto wakakusanywa tena kwa viboko.

Kunde zikakauka. Mjomba alikuja na gari la mzigo, tupu, tayari kwa vyombo, akatukuta uani tumeanika kunde kwenye mikeka yote tuliyokuwa nayo na mingine ya kuazima. Alisimama akaangalia. Bibi akampa fimbo ya kupuria, akamwambia kama amekuja na gari basi ana nguvu. Alipura mpaka alasiri, shati limemganda mgongoni, na aliporudi Nachingwea gari lilibeba gunia moja la kunde za kula nyumbani kwake. Mimi usiku ule nililala mapema na bila kujifunika kichwa.

Miaka iliyofuata mambo yakawa hivyo. Msako mmoja, kisu kikishiba watu wanarudi nyumbani, madrasa shambani msimu wa kunde, pongo kichakani. Hakuna aliyeiita sheria. Mimi nikarudi Nachingwea kusoma, nikakua, na huko nyuma mambo yakaanza kumomonyoka. Walikuja watu na pikipiki na tochi kali, hawahitaji mchinjaji wala msimu. Wakaja wa mkaa, kichaka kikapunguzwa pembeni mwaka hadi mwaka. Madrasa ikajengewa jengo la matofali karibu na barabara, jengo zuri, lina madirisha ya vioo. Likafika wakati nikikaa uani kwa bibi jioni sisikii kubweka, na bibi naye akaacha kuzungumza habari zao. Nadhani aliwakumbuka. Ukishagombana na mtu miaka yote ile, akiondoka bila kuaga inauma.

Jumamosi baada ya ile simu nilikwenda Chinongwe. Dada alinipeleka bondeni, bado amenuna, akanionyesha. Nyayo zilikuwepo, ndogo, zilizochongoka, mbichi kabisa kwenye udongo, na mistari ya kunde imekatwa kwa usafi kana kwamba kwa mkasi. Dada utoto wake wote aliishi kwa wazazi wake Mbwemkuru, hakuyaona haya ninayokusimulia, kwa hiyo nilimhadithia tukiwa tumesimama palepale. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sasa wewe unafurahi," akasema, "mimi nile nini?" Nikamwambia nitarudi tuzibe pamoja upande wa bondeni kwa miiba, na mbegu za kupanda upya nitanunua mimi. Akasema afadhali. Tukaulizana ni nani leo wa kuketi juu ya wavu watu wamsikilize, tukakosa jina hata moja. Vijana wa siku hizi ukiwatania wanakuuliza una tatizo gani. Lakini kichakani wapo, na asubuhi yake nilimsikia mmoja akibweka, nikaacha kufagia.

Kuna jambo moja sijakueleza. Bibi alifariki kwake, mimi nikiwa tayari mtu mzima, kwenye kitanda chake cha kamba, mikeka ya kunde imeanikwa uani. Kiti cha plastiki hakukikalia tena maishani. Siku ya matanga watani walikuja kama ilivyo ada, na mwalimu, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, alijifunga khanga ya bibi, akamwigiza. Alitembea kama yeye, akamfokea mjomba kama yeye, akafunua vyungu vya wapishi akisema hawajui kupika. Watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka. Kisha akaomba debe. Akalipiga, akazunguka uani akipaza sauti iliyokauka, "Alifu! Bee! Tee! Toka! Toka kwenye kunde zangu! Jimu! Alifu! Bee! Toka!"

Watu walicheka mpaka wakashikana, wakidhani ameyatunga. Mimi nilisimama na kata ya maji mkononi. Makosa yalikuwa yaleyale, kwa mpangilio uleule. Alipokwenda kukaa pembeni nikampelekea maji, nikamuuliza nani alimwambia.

"Nani aniambie? Homa ilikuwa imenilaza, mlango uko wazi, nikamsikia ng'ambo ya korongo. Jioni ile, na asubuhi, na jioni tena." Akanywa maji. "Nikasema nikipona nitamwita nimfundishe zile herufi zilizobaki."

"Mbona hukumfundisha?"

Mwalimu akafungua ile khanga kiunoni, akaikunja polepole, akanipa. "Alikosea karibu zote, mwanangu, na kunde zikakauka," akasema. "Sasa ningemsahihisha nini?"